Usukani wa Massey Ferguson 35 unacheza tena miezi miwili baada ya kubadilishwa gololi

Mkulima wa Mwakirunge ameuliza:

Assalaam aleikum, na heshima zangu kwa wazee na mafundi wote mlioko hapa. Nina trekta la Massey Ferguson 35, lile jekundu lenye injini ya Perkins ya silinda tatu, ambalo marehemu baba alilinunua likiwa limeshafanya kazi miaka mingi katika shamba la mkonge upande wa Kilifi. Hapa Mwakirunge tunalilimia mahindi na mihogo, na wakati wa kiangazi linavuta tela la matangi ya maji. Injini yake haijawahi kunisumbua. Kinachonisumbua ni usukani, na sasa umefika mahali pa kunitia hofu, kwa sababu njia tunayopita na tela ina watoto wa shule asubuhi na bodaboda saa zote.

Hali yenyewe ni hii: nikizungusha usukani, unakwenda karibu robo ya mzunguko kabla magurudumu ya mbele hayajaitika, na trekta likiwa linakwenda moja kwa moja ninahisi usukani unanasa kidogo katikati, kama kitu kinachoingia ndani ya kishimo na kutoka. Miezi minane iliyopita nililipeleka kwenye gereji moja mjini, fundi akafungua sanduku la usukani, akasema beringi zimekwisha, akatia gololi mpya. Wiki za mwanzo usukani ulikuwa mzito hata kijana wangu akalalamika mabega, nikaambiwa kuwa huo ni upya wa beringi na utaisha wenyewe. Kweli uzito uliisha, lakini kabla ya miezi miwili kutimia ulegevu ukarudi, na leo ni mbaya kuliko ulivyokuwa mwanzo.

Nataka safari hii niifanye kazi mwenyewe, pamoja na kijana wangu, polepole, kwa sababu trekta hili ndilo kumbukumbu kubwa aliyotuachia mzee na sitaki liishie kuuzwa kwa kilo. Ninaomba kujua kama kweli tatizo ni beringi, au kuna jambo jingine ambalo halikutazamwa. Pia gololi za ndani hazina kizimba, zimemwagwa tu ndani ya kikombe chao. Mtu atajuaje ukubwa wake na idadi yake? Na usukani wenyewe hutolewaje bila kuharibu kitu?

Mzee wa Magongo amejibu:

Wa alaikum salaam, mwanangu. Mwenyezi Mungu amrehemu mzazi wako. Umeeleza vizuri, na katika maelezo yako kuna neno moja ambalo limenipa nusu ya jibu, lakini nitalirudia baadaye, kwa sababu kwanza nataka usinunue kitu chochote kabla hujajua ulegevu uko wapi.

Usukani wa trekta hili ni mnyororo mrefu. Juu kuna gurudumu la mkono na shafti yake, na mwisho wa shafti kuna hesi, yaani mikunjo kama ya skrubu, ambayo imezungukwa na nati ya gololi. Nati hiyo ikipanda na kushuka husukuma gia ya robo duara ya upande mmoja, na gia hiyo humsukuma mwenzake wa upande wa pili, kwa hiyo mikono miwili hutokea nje ya sanduku, mmoja kushoto na mwingine kulia. Kila mkono una ufito wake mrefu unaokwenda mbele hadi kwenye gurudumu la upande wake. Hakuna ufito unaounganisha magurudumu mawili moja kwa moja, kama ilivyo katika magari mengi. Mpangilio huu ulirithiwa kutoka kwa trekta dogo la kijivu la Harry Ferguson, lililotengenezwa Coventry kuanzia mwaka 1946, na ulikuwa na maana yake: ekseli ya mbele imepindwa kurudi nyuma, ili mkulima aweze kutanua au kubana magurudumu ya mbele kufuata upana wa matuta yake bila kugusa urefu wa zile fito. Ni akili nzuri sana. Lakini maana yake kwako wewe ni kwamba viungo ni vingi, na kila kimoja kikilegea kidogo tu, jumla yake inakuja kuonekana mkononi mwako ikiwa robo ya mzunguko. Mtu akibadilisha beringi peke yake, huenda ameondoa sehemu ndogo ya ulegevu na kuiacha kubwa.

Fanya hivi. Trekta likiwa chini, magurudumu yakiwa yamegusa ardhi na injini imezimwa, mwambie kijana azungushe usukani kidogo kushoto na kulia, bila nguvu, huku wewe ukiufuata mnyororo kwa macho na kwa kiganja kuanzia juu kwenda mbele. Pale utakapokuta kipande kimoja kinatembea na kinachofuata kimetulia, hapo pana mwanya. Shika kila boljointi, yaani kile kiungo chenye kichwa cha duara kwenye ncha ya ufito, kwa kiganja, kwa maana kiganja huhisi kile ambacho jicho halioni. Kisha shika usukani wenyewe kwa mikono miwili, uvute juu na uusukume chini kama unayetaka kuung'oa. Ukipanda na kushuka, basi beringi za shafti zimelegea, na hilo ndilo jaribio lao hasa. Baada ya hapo shika ile mikono ya pembeni ya sanduku, itikise juu na chini. Ikicheza ndani ya tundu lake, bushi, yaani pete zinazoishika shafti ndani ya tundu, zimekwisha, na mara nyingi utaona oili inavuja pale pale, maana oilsili haiwezi kuzuia oili kwenye shafti inayoyumba.

Mwisho inua mbele kwa jeki. Hapa tafadhali sana uwe na hadhari: ekseli ya mbele inaning'inia kwenye pini moja ya katikati na inayumba kama mizani, kwa hiyo ukiinua, tia kabari za mbao pande zote mbili kati ya ekseli na mwili wa trekta, zuia magurudumu ya nyuma, na uliweke juu ya magogo ya mti mgumu, wala si juu ya matofali. Tofali hupasuka bila kutoa taarifa. Kisha shika gurudumu juu na chini, ulitikise, utazame kama kinachocheza ni beringi ya gurudumu au ni kingpini, ile pini ya wima ambayo gurudumu hugeukia, ndani ya bushi zake.

Kuhusu kuutoa usukani: legeza nati ya juu lakini usiitoe yote, iache imeshika hesi chache. Mwagia mafuta ya kulainisha kutu jioni, uyaache yalale, na asubuhi uvute kwa pula, kile kifaa cha kung'olea. Usipige nyundo kwenye ncha ya shafti. Nguvu yote ya nyundo inashuka hadi kwenye gololi, na kila gololi inachapa alama yake kwenye njia inayopita. Nimeona beringi nzima zikiuawa siku ile ile ya ukarabati kwa namna hiyo. Mikono ya pembeni nayo, kabla hujaitoa, ipige alama kwa patasi ndogo, alama moja kwenye mkono na nyingine mbele yake kwenye shafti, ili irudi kwenye meno yale yale.

Tuletee habari ya ulichokiona.

Dereva wa Msambweni amejibu:

Salaam. Mimi si fundi wa kusomea, ila tuna trekta la zamani huku kwetu Kwale, na lilipoanza kucheza tuliikaza skrubu iliyo pembeni ya sanduku la usukani, ile yenye nati ya kuifunga. Ulegevu ulipungua siku hiyo hiyo. Oili ilipokuwa inavuja tukajaza grisi, na tangu hapo haijavuja tena. Ikiwa ndugu yetu hana fedha za kufungua kila kitu, huenda hiyo ikamsaidia.

Mzee wa Magongo amejibu:

Ndugu yangu wa Msambweni, ninakushukuru kwa nia njema, lakini katika haya mawili sitakubaliana nawe, na nitaeleza kwa nini, kwa sababu ni mambo yanayofanywa kila mahali.

Skrubu ya pembeni haihusiani na beringi za shafti. Kazi yake ni kurekebisha mwanya wa zile gia za robo duara. Sasa fikiria: trekta hutembea moja kwa moja sehemu kubwa ya maisha yake, kwa hiyo meno ya katikati ndiyo yanayolika, na meno ya mwisho ya kushoto na kulia hubaki karibu kama mapya. Ukiikaza skrubu hadi ulegevu wa katikati uishe, basi ukifika mwisho wa shamba na kuzungusha usukani wote ili ugeuze, yale meno ambayo hayajalika yanabanana. Usukani unaweza kunasa hapo, na trekta likaendelea kwenda linakotaka. Marekebisho hayo hufanywa usukani ukiwa katikati kabisa, kidogo kidogo, na kila mara mtu azungushe mpaka mwisho wa pande zote mbili kuhakikisha kwamba hakuna mahali panapobana. Ikiwa hauwezi kuondoa ulegevu wa katikati bila kubana pembeni, basi gia zenyewe zimekwisha.

Na grisi ya kawaida haitiririki. Ikishasukumwa kando na hesi, inabaki kando, na gololi zinafanya kazi kavu. Haikuvuja tena kwa sababu haitembei. Afadhali kubadilisha oilsili.

Mkulima wa Mwakirunge ameandika:

Mzee wangu, shikamoo, na ahsante sana. Tumefanya kama ulivyoelekeza, Jumamosi yote na nusu ya Jumapili, na nimepata mengi kuliko nilivyotarajia.

Usukani unapanda na kushuka. Nimepima kwa rula pale juu, ni karibu milimita moja. Mkono wa kushoto wa sanduku unacheza juu na chini, na chini yake pamelowa oili. Boljointi ya mbele ya upande wa kulia imelegea kiasi kwamba unaweza kuisikia ikigonga. Kingpini ya kushoto nayo inatikisika, ingawa beringi za magurudumu zote mbili ni nzima.

Tulipofungua sanduku tulikuta mambo mawili ambayo nayaleta kwenu. La kwanza, oili iliyotoka ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. La pili, pale mguu wa nguzo ya usukani unapokaa juu ya sanduku, hapakuwa na gasketi wala kipande chochote cha bati. Palikuwa na gundi ya silikoni peke yake, imepakwa kwa wingi. Gololi tulizozitoa zina madoa meusi, nyingine zina vishimo, na njia ya gololi katika kikombe cha chini ina alama zilizojipanga kwa nafasi sawa, kama shanga zilizobonyezwa kwenye udongo.

Kijana alikwenda kwenye duka la baiskeli akaja na gololi za robo inchi. Kwa macho zinafanana na zile za zamani, lakini nimezizuia mpaka nisikie kauli yenu.

Mkereza wa Shimanzi amejibu:

Ndugu Mkulima, nimekuwa nikifuatilia kimya, ila ulipotaja silikoni na zile alama za shanga nimeona ni wajibu wangu kusema, kwa sababu kazi yangu kwenye mashine ya kukereza ni kutengeneza yaliyoharibiwa kwa namna hii hii.

Pale kati ya nguzo na sanduku panatakiwa kuwa na shimu, yaani vipande vyembamba sana vya bati vyenye unene tofauti tofauti. Hizo ndizo zinazoamua gololi zikazwe kiasi gani. Ukiongeza shimu, nguzo inainuka na gololi zinalegea. Ukitoa shimu, nguzo inashuka na gololi zinabanwa. Aliyeifunga mara ya mwisho alizitoa zote akidhani anaondoa ulegevu, kisha akaziba kwa silikoni ili oili isivuje. Ndiyo maana usukani ulikuwa mzito wiki za mwanzo. Nadhani hilo ndilo neno ambalo mzee wetu wa Magongo alisema limempa nusu ya jibu. Beringi mpya haitakiwi kuwa nzito kamwe. Uzito ule ulikuwa ni gololi zikizama kwenye chuma cha kikombe, na zilipomaliza kujichimbia vishimo, uzito ukaisha na ulegevu ukaanza. Kunasa katikati unakokuhisi ni gololi zikiingia katika vile vishimo na kutoka, kwa sababu katikati ndipo zinapokaa muda mwingi.

Kwa hiyo gololi mpya peke yake hazitakusaidia hata mwezi. Pitisha ukucha wako kwenye njia ya gololi, katika vikombe na katika shafti yenyewe. Ukucha ukikwama, hicho kipande hakirudi. Kikombe hubadilishwa kwa urahisi. Lakini ikiwa njia iliyoko kwenye shafti au ndani ya nati ya gololi imechimbika, nunua shafti na nati yake vikiwa seti moja, kwa maana vimelika pamoja na haifai kuoanisha kizee na kipya. Chuma cha njia hizo kimefanywa kigumu kwa moto juu juu tu, kwa hiyo usikubali mtu akuambie ataisafisha kwa kukereza. Akikereza ameondoa ule ugumu wote, na chuma laini kinachobaki kitachimbika kwa siku chache. Mimi mwenyewe huwarudisha watu wanaoniomba kazi hiyo, ingawa ningeweza kuchukua fedha yao.

Gololi za baiskeli ziache. Haitoshi kufanana kwa macho. Chukua gololi ya zamani ambayo haijalika, uipime kwa maikromita mahali patatu, kisha ulinganishe. Gololi zote za kikombe kimoja lazima ziwe za ukubwa mmoja na zinunuliwe pamoja, kwa sababu moja ikiwa kubwa kuliko wenzake hata kwa unene wa unywele, hiyo moja ndiyo itakayobeba mzigo wote. Kuhusu idadi, paka grisi ndani ya kikombe ili zishike, zipange moja baada ya nyingine mpaka mduara ujae, na mwishoni ibaki nafasi ndogo isiyotosha gololi moja nzima. Ukiilazimisha ya mwisho iingie, zitasuguana badala ya kubingirika. Kikibaki kipenyo cha gololi nzima, umepungukiwa na moja.

Shimu unazipata namna hii: funga nguzo bila shimu yoyote wala silikoni, kaza bolti kidogo kidogo kwa kupokezana, huku unaizungusha shafti kwa vidole. Pale itakapoanza tu kuonyesha ukinzani mdogo, simama. Pima mwanya uliobaki kati ya nguzo na sanduku kwa geji ile ya vijani vya chuma, katika pembe zote, uhakikishe ni sawa. Unene huo ndio unene wa shimu zako. Ukishazitia na kukaza bolti zote, shafti izunguke kwa vidole bila kupanda wala kushuka na bila kukwaruza. Ikiwa unahitaji mkono mzima kuizungusha, ongeza shimu moja nyembamba.

Kuhusu mkono wa kushoto, ipime shafti yake pale inapokaa ndani ya bushi na ulinganishe na sehemu ambayo haijaguswa na bushi. Ikiwa shafti bado ni duara na haina mfereji, nitakukerezea bushi ya shaba, au ununue iliyo tayari na kuipanua kwa kifaa chake mpaka shafti iingie kwa kuteleza. Ikiwa oilsili imechimba mfereji kwenye shafti, oilsili mpya itavuja vile vile, na hapo kuna njia ya kuvisha pete nyembamba ya chuma juu ya mfereji. Lete sanduku lenyewe pamoja na shafti. Usilete vipimo vya kuandikwa kwenye karatasi.

Mzee wa Magongo amejibu:

Mkereza amesema kweli tupu, na neno nililolificha ni hilo hilo la uzito.

Mimi nitaongeza juu ya ile chai ya maziwa. Hayo ni maji, mwanangu, na maji hayo yalipita juu, pale shafti inapotokea chini ya gurudumu la usukani. Trekta likilazwa nje wakati wa masika, mvua hutiririka kwenye nguzo na kushuka moja kwa moja hadi kwenye gololi za juu, na hewa yetu ya pwani yenye chumvi humalizia kazi. Madoa meusi uliyoyaona ni kutu iliyosagwa. Kwa hiyo hata kama yule fundi angeweka shimu sawasawa, gololi zake zisingefika mbali. Tazama bushi ya juu ya nguzo na kizibo chake. Vikiwa vimekauka au havipo, weka vipya, na trekta lipate paa, hata la makuti. Mpaka paa lipatikane, lifunike usukani kwa ndoo iliyopinduliwa. Nimefanya hivyo miaka mingi na sijaona kinga iliyo rahisi kuliko hiyo.

Unapotafuta spea, kumbuka kwamba trekta la 35 lilianza mwaka 1956 likiwa na rangi ya kijivu na dhahabu, likawa jekundu mwishoni mwa mwaka 1957, na injini ya Perkins ya silinda tatu ikaja mwaka 1959. Mwaka 1964 lilipokewa na 135. Vipande vingi vya usukani wa 135 usiokuwa na msaada wa haidroliki hufanana na vya 35, na wauzaji watakuambia vyote ni kitu kimoja. Usikubali kwa maneno. Chukua kipande chako cha zamani pamoja na namba iliyo kwenye kibati cha trekta, uviweke viwili juu ya kaunta, uhesabu meno na upime urefu kabla ya kutoa fedha. Ukivuka kutoka Mwakirunge mpaka Mwembe Tayari, kisha ukagundua nyumbani kwamba meno ya ncha hayalingani, umepoteza siku nzima.

Boljointi ya kulia badilisha, wala usisubiri. Katika makosa yote uliyoyataja, hilo ndilo linaloweza kuua mtu, kwa sababu ikichomoka, gurudumu la kulia halina tena mtu wa kulielekeza, na tela liko nyuma linasukuma. Kabla ya kuifungua ya zamani, pima urefu wa ufito wote kutoka kitovu cha boljointi moja hadi cha nyingine, ili mpya uifunge kwa urefu ule ule.

Kingpini ya kushoto itahitaji bushi mbili, na pale chini kuna beringi bapa inayobeba uzito wa mbele. Hiyo huwa na kifuniko cha bati upande mmoja, na watu wengi huigeuza. Kifuniko kikae juu, kama kofia, ili tope na maji yateremke nje. Ukikiweka chini kinageuka bakuli.

Mkulima wa Mwakirunge ameandika:

Wazee wangu, kazi imekwisha juzi, na nimeona si uungwana kunyamaza baada ya kusaidiwa hivi.

Njia ya gololi kwenye shafti ilikuwa imechimbika, ukucha ulikwama mahali pawili, kwa hiyo nilinunua shafti na nati yake seti moja, pamoja na vikombe na gololi. Kwa bahati shafti ya mkono wa kushoto ilikuwa nzima, Mkereza akanikerezea bushi mbili huku nikimtazama. Upimaji wa shimu ulituchukua mchana mzima, maana mara ya kwanza nilikaza bolti za upande mmoja na mwanya ukawa haulingani. Tulirudia mara tatu. Kulipopatikana kipimo, kijana aliizungusha shafti kwa vidole viwili, akanitazama, akasema hajawahi kuuona usukani wa trekta hili ukiwa hivyo. Baba angelikuwapo angelifurahi sana.

Sasa ulegevu uliobaki ni upana wa vidole viwili kwenye ukingo wa usukani, na kule kunasa katikati hakupo. Swali langu la mwisho ni la fito. Nilifunga boljointi kwa urefu wa zamani kama nilivyoelekezwa, lakini nikitazama kwa mbele, gurudumu la kulia linaonekana limegeukia nje kidogo usukani ukiwa katikati. Je, niguse?

Mzee wa Magongo amejibu:

Marahaba, mwanangu, na hongera kwako na kwa kijana. Vidole viwili kwa trekta la umri huo ni vizuri sana, usitafute kuviondoa.

Gusa, lakini kwa utaratibu. Ufito ule ulikuwa umerekebishwa wakati kingpini na boljointi zimekwisha, kwa hiyo urefu wa zamani ulikuwa unaficha ulegevu. Kwanza hakikisha usukani uko katikati kweli kweli: zungusha hadi mwisho wa kushoto, kisha hesabu mizunguko hadi mwisho wa kulia, urudi nusu yake. Hapo mikono miwili ya sanduku lazima iwe imesimama sawa. Ikiwa mmoja uko mbele kuliko mwenzake, usirefushe ufito kuficha tofauti hiyo. Fungua uangalie alama za gia, kwa sababu umeruka jino. Ikiwa iko sawa, piga chaki katikati ya kila tairi la mbele kwa urefu wa kitovu cha gurudumu, upime umbali kati ya alama mbili kwa upande wa mbele, kisha usukume trekta mpaka alama zifike nyuma, upime tena. Mbele kusiwe kupana kuliko nyuma. Kuwe sawa, au kuwe kumebanwa kwa milimita chache tu. Rekebisha ufito wa kulia peke yake, kwa kuwa gurudumu la kulia ndilo ulilosema limegeukia nje.

Halafu tia grisi kwenye kingpini ukiwa umeinua mbele kwa jeki, kwa sababu zikiwa zimebeba uzito, grisi haiingii chini inakotakiwa. Sanduku litie oili ya gia namba 90 mpaka usawa wa kizibo, na baada ya siku kumi za kazi fungua kizibo cha chini, utoe matone machache uyatazame kwenye kiganja. Yakiwa na rangi ya maziwa, kizibo cha juu bado kinapitisha maji, na tutaanza kutazama hapo.

Mkulima wa Mwakirunge ameandika:

Gia ziko sawa, mikono imesimama pamoja. Nimefupisha ufito wa kulia mizunguko miwili na nusu, vipimo vya mbele na nyuma sasa vinatofautiana kwa milimita tatu. Kesho linavuta maji. Ndoo ya kufunikia usukani imeshapatikana, na makuti yameagizwa.